Inchi Kumi na Mbili

Skrubu kumi na sita, zote zina kutu.
Nilizing'oa kwa bisibisi ya kuazima,
nikaegemeza mgongo wa kabati ukutani.
Likapumua: vumbi, udi wa harusi za watu,
joto la valvu lililolala humo miaka,
na kombamwiko mmoja, mkavu, juu ya sumaku.

Spika mbili.
Ya kushoto ina muhuri wa wino, mji wa Uingereza,
tarehe ya kiwandani: mwaka aliozaliwa Ghalib.
Koni imechanika toka ukingo hadi kitovu.
Ya kulia haina jina.
Fremu nyeusi, na kwa chaki: 7.

Nikasema, huyu ndiye mgeni.
Huyu ndiye aliyemharibia baba sauti yake.

Basi Agosti nzima nikawa mtu wa spika.
Nje, Al-Khoudh inachemka, hata paka hawavuki njia;
ndani, mimi na sumaku: ya kauri au ya alniko?
Wati ishirini na tano zinazolia mapema
au sitini zenye adabu?
Kuriakose wa Ruwi, nyuma ya duka la mapazia,
kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake wa Unguja:
"Kumi na sita na kumi na sita, sambamba, ni nane.
Ukikosea transfoma itaungua,
na mimi usije kunililia."
Sharjah yupo mtu anayebandika koni mpya,
riyali arobaini na tano, miezi miwili, hana ahadi.
Ghalib akaleta jozi kutoka Dubai,
zimeigwa mpaka muhuri,
mpaka kosa la herufi kwenye muhuri.

Ijumaa, baada ya wali, nikafunga za Dubai.
Gitaa la baba. Kodi moja, ile yake ya kuanzia.
Mama, jikoni, hakuinua kichwa:
"Sufuria mpya hiyo."
Nikafunga jozi ya Kuriakose, ghali, ya kuazima.
"Hiyo mtu anasoma taarifa ya habari."

Sikumuuliza. Nani amewahi kumuuliza?
Miaka thelathini alisikiliza kupitia ukuta,
akikuna nazi, akihesabu nyimbo ngapi zimebaki
kabla mume hajaona njaa.

Kwa uchovu tu nikarudisha waya
kwenye ile ya chaki, peke yake.
Kodi ileile.
Ikatoka na mchanga kooni,
nene chini, juu imekwaruzika kidogo,
kama mtu aliyeamshwa anayeanza na jina lako.

Mama akasimama mlangoni, unga mpaka viwikoni.
"Hii. Hii ndiyo iliyonikera maisha yangu yote."
Akakaa juu ya pipa la mchele.
"Walipobomoa sinema, baba yako alikwenda na gari la kazini.
Akairudisha imefungwa kwenye kanga yangu. Mpya, ile kanga.
Ya Uingereza ilikufa hata hujazaliwa.
Aliona haya kuitoa."

Jumamosi nikaipeleka ya muhuri kwa Kuriakose.
Akagusa ncha mbili. Sindano haikutikisika.
"Koili imekatika zamani sana, rafiki.
Huyu alikuwa mgeni rasmi:
anakaa mbele, hasemi kitu."

Nimezirudisha za Dubai. Sharjah sikupiga simu.
Swichi nyuma nimeigeuza, kumi na sita,
na upande wa kushoto ni tundu,
duara la giza linalotosha kichwa cha mtoto.
Lakini chaki ile inaniwasha.
Saba. Maana yake ilikuwapo ya sita,
ilikuwapo ya nane,
ziliunguruma pamoja gizani, watu wakitafuna mbegu.
Ziko kwenye banda la nani, Barka, Sohar,
zimefunikwa na gunia gani?

Nauliza watu. Wananiangalia.
Mama anasema nitafute kwanza kanga yake.