Vipochi vya Reino

Bwana Kvam ameninusisha.
Alifungua ukurasa wa tatu wa albamu yako, Reino,
akausogeza puani pangu kama muuza samaki:
"Unasikia nini?"
Nikasema, harufu ya gari jipya.
Ya pazia la bafuni siku linapotoka dukani.
Akatikisa kichwa.
"Basi hiyo ndiyo inayozila."

Miaka thelathini na mmoja umezilaza humo,
kila Jumamosi baada ya sauna, nywele zingali mbichi.
Ulikwenda hadi Minneapolis kutafuta plastiki laini kuliko zote
kwa kuwa, ulisema, fedha ina ngozi.
Na ile plastiki laini ikatoa jasho,
jasho la kijani, la kunata, kama ute wa konokono,
likakaa shavuni mwa Bibi wa Uhuru
wa mwaka elfu moja mia nane themanini na moja,
shavu ambalo wewe mwenyewe
hukuthubutu kuligusa kwa kidole.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Hapa nguo yenyewe ilikuwa na meno.

Ziwa limeganda hadi gatini, meli za madini zimelala.
Nina muda. Najifunza.
Kipochi salama ni kigumu, hakina harufu;
ukikikunja kinachakacha kama ganda la kitunguu
na ukikikunja tena hupasuka.
Hakibembelezi.
Kina mifuko miwili: huku sarafu, kule kikaratasi cha namba,
visionane uso kwa uso.
Zile kadi zako zenye dirisha, nazo, hazifai kusafiri:
mkaguzi atang'oa pini,
na mguu mmoja wa pini ukiteleza
Bibi anapata kovu ambalo hakuzaliwa nalo.
Hakuna gundi. Hakuna utepe.
Sanduku likitikiswa lisilie.

Jana nilifungua dirisha la jikoni,
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nikaziogesha moja moja kwenye bakuli la asetoni.
"Usisugue," Kvam alisema. "Hata kama moyo unakuambia sugua."
Ujani ulijitenga polepole, ukaelea.
Chini yake baadhi zilikuwa nzima.
Baadhi zilikwisha kuliwa,
uso una vishimo kama theluji iliyonyeshewa mvua.
Hizo nimeziweka kando, juu ya taulo yako.

Kisha akaniambia jambo moja,
amenipa kisogo, anatafuta kalamu:
"Na usiongee juu ya sarafu, Bibi Rautio.
Chembe ya mate haionekani leo.
Baada ya miaka kumi ni doa jeusi."

Nilikaa.
Nilikaa kwenye kiti cha wateja na koti langu lote.
Kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nakuja na kahawa,
nasimama begani mwako, naanza habari za Elma na mumewe,
nawe unainua kiganja bila kugeuka:
"Si hapa, Lempi."
Si hapa.
Mara ngapi nilirudi jikoni nikafunga mlango kwa kishindo
nikidhani ni mimi uliyenichoka.
Ungeweza kusema, mate.
Neno moja tu, Reino. Mate.

Zimeondoka arubaini na moja, kila moja na kipochi chake kikavu.
Watazipa madaraja huko, namba hadi sabini.
Moja Kvam ameirudisha juu ya kioo cha meza:
ile senti tano uliyobeba kwenye kopo la chakula,
mwaka umefutika, nyati amebaki nundu tu.
"Hii haina daraja," alisema, bila ubaya.

Ninayo mfukoni, pamoja na funguo.
Inakwaruzwa vizuri.
Kwenye kituo cha basi nimeitoa, nimeileta karibu na mdomo,
nimeanza na habari za Elma.