Nembo Mpya

Walinituma Jinja na ndoo mbili za rangi
nimfute korongo ukutani mwa duka la Tibenkana,
mahali pake niweke duara la kijani,
eti sabuni ni ileile, imeamka tu.

Nilianza na miguu. Taji nililiacha mwisho:
marehemu baba ndiye aliyelichora.

Kagoya akapita na beseni la nguo,
akasimama. "Naona chajitembeza.
Na povu, limerudi?"

Sikumjibu. Mche wa siku hizi
huisha kabla ya kola ya shati la pili.

Usiku ikanyesha. Asubuhi
taji la manjano lilikuwa limepenya kijani,
unyoya kwa unyoya.

Nilikuwa nimeshalipwa.
Nikavuka barabara, nikanunua sabuni
ya kampuni nyingine,
nikanawa. Rangi yote ikatoka.