Irabu Moja

Saa tisa alasiri rada imechora jipu
juu ya mgongo wa Kaukazi,
jekundu pembeni, zambarau katikati,
rangi ambayo Lamara haipendi hata kwenye nguo.
Kilele kilomita kumi na tatu. Bado linapanda.
Chini yake bonde la Alazani limejilaza na mizabibu yake,
zabibu ngumu, kijani, ukubwa wa dengu.

Ana nafasi ya maneno ishirini, yasizidi.
Anaandika: Radi na upepo mkali. Mvua ya mawe,
uwezekano asilimia sitini.
Anafuta sitini. Anairudisha.
Mwezi Mei alitahadharisha mara tatu, na mara tatu
likawaka jua la kuanikia nguo;
sokoni Telavi muuza jibini akamwuliza
leo atoke na mwavuli au na kofia ya chuma.
Mwaka juzi alinyamaza mara moja tu.
Hiyo moja hakuna anayeifanyia mzaha.

Kwa Kijojia mvua ya mawe ni setkva,
na neno ni sitkva.
Irabu moja imesimama mlangoni
kati ya kitokacho kinywani na kiangukacho paani.
Darasa la pili alizichanganya kwenye imla.
Sasa analipwa mshahara kuzitenganisha:
neno litangulie, barafu ifuate,
na pengo lililo kati yake limtoshe mtu
kuingiza ng'ombe zizini.

Simu. Ni Zaali, baba yake, yuko shambani.
"Nimesikia redioni. Sasa niambie kama binti, si kama ofisi."
"Asilimia sitini, baba."
"Hiyo ni ofisi."
"Hata moyoni mwangu ni sitini."
Kimya. Upande wa pili mbwa anabweka;
anajua jambo, ila hana asilimia.

Mzee ana safu kumi na hana wavu hata mmoja.
Ana turubai la lori, mazulia mawili,
mapazia ya sebuleni,
na mashuka aliyokuja nayo marehemu mkewe, hayajatandikwa tangu msiba.
Anahesabu kwa vidole. Anafunika safu sita.
Nguo zingetosha nane.

Roketi mbili zinapanda kutoka kilimani,
zinazama winguni kama sindano kwenye godoro.
Wingu halishtuki.
Saa kumi na moja kasoro dakika saba
inakuja harufu ya chuma kilicholowa,
kisha jiwe moja kwenye bati la banda la kuku.
Moja. Kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.
Halafu mlango wote.

Dakika tisa.
Lamara anaitazama zambarau ikipita juu ya jina la kijiji chao,
ikilimeza herufi kwa herufi,
ikilitema.
Hapigi simu. Wilaya inayofuata
inasubiri maneno yake ishirini.

Usiku baba anaingia ofisini,
majani yaliyochanika yamegandia viatuni,
mkononi chupa ya jamu iliyoviringishwa taulo.
Ndani yake jiwe, duara ndani ya duara, kama kitunguu,
limekwisha kupungua.
Hazitaji safu nne.
Hasemi mashuka yametoboka mangapi.
"Pima," anasema, "kabla halijawa maji.
Kesho watasema ulitia chumvi."

Anapima. Milimita thelathini na mbili.
Anaandika saa, mahali, kipenyo.
Penye jina la mtoa taarifa kalamu inasita.
"Nikuandike nani?"
"Mtu aliyesikia sitini."

Anamwandika Zaali, mkulima.
Wanakaa. Mashine zinanguruma taratibu.
Huko mashariki umeme bado unapapasa anga,
bila sauti, mbali, katika nchi ya wengine,
na jiwe linageuka tone, linageuka funda.

Dirishani kuna ua ambalo zamu zote tatu
zimelisahau tangu Jumatatu.
Mzee anafungua chupa, analimwagia.