Viraka

Chini ya duka la baiskeli, mtaa wa Cejl, mjini Brno,
kuna chumba ambacho joto huingia kwa zamu,
na kila Alhamisi tulishuka ngazi kumi na nne
kwenda kutukanana.

Si matusi ya mama. Matusi ya mifumo.
Vendelín, mtu wa Pengwini, kifua kama mlango wa ghala,
hubandika stika ya ndege wake kwenye jokofu.
Mimi, mtu wa Bunju, naibandua kwa kisu cha siagi,
namweka samaki wangu, kafura, miiba nje.
Miaka kumi na moja. Mlango wa jokofu
ukawa mnene kuliko nyama iliyomo ndani.

Zdislava, ambaye nembo yake ni shetani mdogo mwenye uma
(bibi yake alimtilia maji ya baraka kwenye mkoba wa laptopu,
kibodi ikafa papo hapo),
hukaa katikati akitafuna matango ya siki,
akitukumbusha kwamba sote ni wapangaji
katika nyumba iliyojengwa na babu zake.

Kisha Vendelín hufuta povu la bia mdomoni:

*Bunju wako kajifunga, kwa makufuli tisini,*
*Mwizi akija hupunga, hakuna kitu chumbani,*
*Waifai ukiunga, hufika kesho jioni,*
*Usalama wake nini? Ni kutofanya chochote.*

Nami sikubali kulala na deni:

*Pengwini wako ni wengi, kila mtu na ukoo,*
*Wagombania msingi, wakitoana makoo,*
*Leo sasisho la rangi, kesho dawati ni choo,*
*Ukiuliza "Ni kipi?", wataanza kupigana.*

Februari moyo wake ulijizima
bila kumuuliza kama anataka kuhifadhi.

Dada yake, Otýlie, alituletea mashine yake
ndani ya mfuko wa viazi.
"Nyinyi ndio mnaojua kuifungua."
Nywila ilikuwa imeandikwa kwa kalamu chini ya betri:
*pengwini*. Herufi ndogo zote.
Nilitaka afufuke dakika moja tu, nimkaripie.

Humo ndani, kati ya picha za uyoga na risiti za daktari wa meno,
folda yenye jina langu: *Ctirad*.
Nikadhani ni matusi aliyoyawekea akiba.

Vilikuwa viraka.
Mia mbili na sita, vya kiendeshi cha Waifai,
vya Bunju, si vya Pengwini,
kimoja kimoja kimetumwa kwa wakubwa wetu
kwa jina la B. Hrubá.

B. Hrubá!
Mara ngapi nimegonga meza ile kwa ajili yake!
"Mtazame mtu wa kwetu anavyoandika msimbo,
hakuna nafasi iliyozidi, hakuna mbwembwe!
Nyinyi mna nani?"
Na Vendelín akatikisa kichwa, akanywa,
akasema kweli, huyo ni hodari.

"Božena Hrubá?" Otýlie akashangaa.
"Huyo ni shangazi yetu. Alifuga sungura.
Kompyuta hakuwahi kuigusa."

Kiraka cha mwisho hakikumalizika.
Juu yake, kwa Kicheki, mstari wa maelezo:
*Bado hukatika ndani ya treni ya Olomouc. Asijue.*

Zdislava akaacha kutafuna.
"Kumbe alikuwa wenu."
Hapana, nikasema. Pengwini yule, tangu unyayo hadi utosi:
haoni paa la jirani linavuja akalala.

Alhamisi iliyofuata alikuja kijana mgeni,
ndege mpya kabisa kwenye kifuniko cha laptopu yake,
akacheka mtandao wangu uzito
(na siku hiyo ulikuwa mwepesi, ulifika kabla sijaketi).
Nikashika kisu cha siagi, nikasimama, nikaanza:
*Pengwini wako ni wengi...*
Nilifika vizuri mpaka mstari wa tatu.
Sauti ikanikwama kwenye neno *choo*,
na mtoto wa watu akadhani nimekasirika.