Kito Nane, Nane Plasi, Nane Pro

Malipo ya mnada wa pili yameingia,
na Tandahimba nzima imegundua kwamba simu zake zimechoka.
Nimezipanga tatu juu ya kitambaa cheusi,
ndugu wa tumbo moja: sura moja,
bahati mbalimbali.

Somoe Nangumi wa Kitama akaingia jioni,
utomvu wa mabibo bado uko kwenye kucha.
Hakugusa kitu. "Nitofautishie."

Kinywa changu kinaijua njia hiyo hata gizani:
Nane, RAM gigabaiti tatu, hifadhi thelathini na mbili,
kamera megapikseli nane,
mfumo uliopunguzwa uzito ili isikwame.
Plasi, RAM sita, hifadhi mia na ishirini na nane,
kamera hamsini, nafasi ya memori kadi.
Pro (hapa huwa nashusha sauti),
RAM kumi na mbili, prosesa ya viini vinane,
kamera mia na nane, masasisho miaka minne,
chaji inajaa kwa dakika arobaini.

"Kwa umeme gani?"

Nikaliruka hilo. Nikakimbilia viini:
ni kama vibarua wanane, mama, wanaookota korosho kwa pamoja.
"Nani anawalisha?"
Betri.
Akaguna, mguno wa mtu aliyewahi kulipa vibarua.

Kisha akatoa simu yake ya zamani, kioo kimepasuka,
akanionyesha picha: ukungu mwekundu.
"Hiyo ni mizani ya ghalani, msimu uliopita.
Mimi niliona sabini na tisa. Stakabadhi ikaandikwa sabini na moja.
Nikampelekea katibu hii picha. Akaniuliza, moto wa wapi huu?
Nataka simu inayosoma namba
ambayo mtu hataki isomeke."

Hakuna mstari huo kwenye boksi.

Basi tukavuka barabara na simu zote tatu
mpaka kwa Ausi anayenunua vyuma chakavu.
Mizani yake ina tarakimu nyekundu zinazopepesa.
Tukaweka rejeta ya trekta. Jua lilikuwa limeshazama.

Nane ikapata nusu ya kila tarakimu,
kama mtu aliyekatizwa akizungumza.
Plasi ikatetemeka, mara ya kwanza, mara ya pili,
ya tatu ikatoa: kumi na tatu nukta nne,
na chenga nyingi, kama unga usiochekechwa.
Pro ikatulia, ikafikiri,
ikaleta picha safi, inayong'aa, ya kutundikwa ukutani:
kumi na nane nukta nne.

Ausi akacheka. Mimi sikucheka.
Nikaeleza kwamba lenzi iliona, programu ikakisia;
usiku inajaza penye pengo, inalainisha, inapamba.
Unaweza kuizima, nikasema, ingia kwenye mipangilio, halafu...
"Katibu naye," akasema Somoe, "hujaza penye pengo."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti.
Kilo nane kila gunia, magunia kumi na moja.
"Hiyo ya katikati nilishailipia mwaka jana.
Sikuichukua tu."

Tukarudi dukani. Akahesabu noti, nikaandika risiti.
Akasema ngoja,
akapiga picha ya kwanza ya simu yake mpya:
boksi, upande wenye stika ya bei.
Akaitanua kwa vidole viwili, taratibu,
vidole vikaacha doa la kahawia kwenye kioo kipya,
akanigeuzia.

Chini ya laki tatu na arobaini,
pale stika ilipoanza kubanduka,
laki mbili na tisini ya mwezi wa sita
ilikuwa inasomeka vizuri kabisa.