Mla Jana Kala Nini

Wahenga walituachia swali wakidhani halijibiki:
mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Nivikka, maabarani Qeqertarsuaq, jibu analo.
Limelala ndani ya kikopo cha bati
kidogo kuliko punje ya mchele:
milimita tatu za sharubu ya sili.

Aliiletea Inuuteq, shemeji yake,
imeviringishwa kwenye gazeti la Nuuk,
bado inanuka mafuta na baridi.
"Huyu tulimpata ukingoni mwa barafu, Machi.
Ini lake tumeshakula.
Wewe tuambie yeye alikula nini."

Anakata. Anaosha. Anapima.
Mashine inachoma kipande, inahesabu moshi wake:
kaboni kumi na mbili, nyepesi,
kaboni kumi na tatu, nzito,
ndugu wa tumbo moja, mmoja kazidi nyutroni moja tu.

Mwani unaoota chini ya barafu
umo kwenye chumba kilichofungwa madirisha.
Kaboni haitoshi, hauchagui, humeza hata nzito.
Mwani wa maji wazi una nafasi ya kudeka,
huokota nyepesi, nzito huiacha ipite.
Uduvi akala mwani, samaki akala uduvi,
sili akala samaki,
na siri ile ikapanda nao,
ikibadilika kidogo tu,
kama lafudhi ya mtu aliyehama kwao.

Ncha ya sharubu, ya zamani: nzito.
Shina lake, la majuzi: nyepesi.
Barafu ilikuwa mezani,
kisha ikaondoka bila kuaga.

Usiku, peke yake, Nivikka aling'oa unywele wake mwenyewe.
Si kwa utafiti. Alitaka tu kujua.
Namba ikatoka nzito, nzito mno,
akapiga meza kwa furaha:
mimi bado ni wa barafu!

Ndipo akakumbuka friza ya nyumbani,
kuku wa dukani, walionenepeshwa kwa mahindi
katika nchi isiyojua theluji.
Mahindi nayo hubeba nzito.
Akasoma safu ya pili, ya naitrojeni,
ambayo haina haya wala huruma.
Ni kuku.

Asubuhi akampigia Inuuteq.
Habari ya unywele hakuitaja.
Aliuliza kama kuna nyama ya sili iliyosalia.
"Ipo. Lakini ni ya mwaka huu."
Akanyamaza kidogo.
"Niletee hiyohiyo."