Chumba cha Elfu Ishirini na Nne

Stakabadhi nimeifunga kwenye pindo la kanga
toka ghala la Mahuta hadi nyumbani.
Kilo mia tatu arobaini na saba.
Bei, elfu mbili mia moja themanini.
Na chini, kwa wino wa karani Mnali:
laki saba, elfu thelathini na mbili, mia nne sitini.

Nani wa kubishana na wino?
Mimi niliyeachia darasa la nne,
saba mara saba, fimbo,
saba mara nane, fimbo,
hata leo nikisikia hamsini na sita
viganja vinajikunja vyenyewe.

Asumini, binti wa dada yangu, hakuniletea jedwali.
Aliokota kipande cha mkaa,
akapiga magoti kwenye sementi, akachora nyumba.
"Mama mdogo, usizidishe. Jenga."

Juu ya ukuta akazipanga kilo zangu, zimeachana:
mia tatu mbele, mwendo wa mwenye mali,
arobaini nyuma yake,
na saba, kitinda mimba, anakimbilia.
Ubavuni akaisimamisha bei:
elfu mbili. Mia. Themanini.
Akapiga kuta. Vyumba tisa.
Kila chumba wawili wanakutana,
na wanachozaa kinalala humo humo.

Mia tatu na elfu mbili, laki sita: hiyo sebule.
Arobaini na elfu mbili, elfu themanini.
Saba, elfu kumi na nne.
Tukashuka safu ya pili, ya mia, nyepesi kama kupepeta:
elfu thelathini, elfu nne, mia saba.
Safu ya mwisho, ya themanini,
elfu ishirini na nne, elfu tatu na mia mbili,
na kule pembeni, kadogo kama choo cha uani,
saba na themanini.
Hamsini na sita, nikasema kabla hajauliza,
tia sifuri.
Nikatazama mikono yangu. Imelala wazi.

Simu ninayo, na mashine ya hesabu imo.
Lakini simu hutoa jibu, haitoi njia;
ukigusa kitufe siko
inakuongopea kwa upole uleule.
Nyumba ya mkaa haina upole.
Tulipita chumba kwa chumba tukikusanya,
ikatimia laki saba, elfu hamsini na sita, mia nne sitini.

Tukaiweka stakabadhi kando.
Asumini hakusema neno. Aliteremsha kidole
kwenye chumba cha mia tatu na themanini.
Elfu ishirini na nne.
Vyumba vinane Mnali kavifungua,
hiki kakipita.

Hapa kwetu juu, ambako maji hupanda kwa baiskeli,
ndoo mia tano,
chumba hicho ni ndoo arobaini na nane.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaenda na mkaa wangu.
Sikutamka mwizi; sijui kama ni wizi au usingizi,
msimu wa korosho wote wawili hukaa kiti kimoja.
Niliinama tu kando ya mizani,
nikachora, vumbi la magunia likinipaka magoti,
vyumba tisa, polepole, mstari wa tatu umepinda.
Mnali akasimama juu yangu na kalamu sikioni.
Akahesabu kwa midomo.
Akarudi nyuma, akahesabu tena.
Kidole chake kikatua palepale kilipotua cha Asumini.

"Hii wanafundisha wapi?"
"Sakafuni," nikamwambia.

Akafungua daftari lake, akakata, akaandika upya,
na mkono wake ndio ulikuwa unatetemeka.
Nyuma yangu foleni ilikuwa imenyamaza.
Issa Nandonde akaketi juu ya gunia lake,
akaanza kuvua kiatu cha kushoto,
alikoficha stakabadhi yake,
akaniomba mkaa.